Kulainisha Maji Si Kuyasafisha

Nilishuka Same kutoka Mbaga nikiwa na begi moja na kipande cha sabuni ya mche, na jioni ya siku hiyo hiyo nikagombana na sabuni. Kwetu mlimani maji yanatoka kwenye chemchemi. Unagusisha sabuni kidogo tu, karai limejaa povu. Same nilisugua gauni mpaka vidole vikaniuma, na badala ya povu nikapata utando mweupe uliong'ang'ania ukingoni mwa karai kama maziwa yaliyokatika. Nikaamini nimeuziwa sabuni mbovu. Mama mwenye nyumba niliyopanga alikuwa anachambua mchele kibarazani. Akasema, "Sabuni yako ni nzima, mwanangu. Umekutana na maji ya kwetu."

Ugomvi ule ndio uliokuja kuwa kazi yangu hadi juzi nilipokabidhi funguo za karakana. Nyie vijana mnaobaki pale mliniomba niandike uzoefu wangu kuhusu mashine za kulainisha na kuchuja maji ya nyumbani, maana wateja wanaongezeka na kila mmoja anakuja na picha ya mashine kwenye simu yake. Uzoefu ni neno kubwa. Nitaandika niliyoyaona, na mtachukua ya kuwafaa.

Karakana mnaijua, iko nyuma ya soko, na harufu yake haijabadilika tangu nilipoingia: gundi ya mabomba, plastiki mpya na chai iliyosahauliwa jikoni. Fundi mkuu wakati huo alikuwa Mzee Elisante, mwenyeji wa Suji, mrefu, mkimya, na mwenye mazoea ya kukupa kitu mkononi badala ya kukueleza. Siku yangu ya kwanza alinipa boksi la spana na kunielekeza kwa kidevu nipande kwenye pikapu. Tulikwenda Hedaru, kwenye nyumba ya wageni iliyo kando ya barabara kuu, ambako madereva wa malori walikuwa wanalalamika kwamba maji ya moto hayatoki bafuni.

Mzee Elisante akafunga koki, akakata kipande cha bomba karibu na heta, akanipa. Lilikuwa zito kuliko bomba linavyopaswa kuwa. Nikachungulia ndani. Limejaa jiwe jeupe pande zote, na katikati limebaki tundu ambalo ningeweza kuliziba kwa kalamu.

"Jiwe hili limeingiaje humu?" nikamuuliza.

"Kidogo kidogo," akajibu, akaendelea kukata.

Mwenye nyumba alitaka awekewe bomba jipya, basi. Mzee Elisante akamwambia kwamba bomba jipya atawekewa, ila maji yaliyoziba lile la zamani bado yapo na hayajabadili tabia. Wakazungumza, wakanywa soda, wakazungumza tena. Hatimaye tulirudi pale na mashine ya kulainisha maji, ya kwanza kuigusa maishani mwangu. Nilitegemea kitu cha ajabu. Nikakuta pipa refu lililojaa punje ndogo za rangi ya asali, na pembeni pipa jingine la chumvi. Maji magumu yanapita kwenye punje, punje zinanasa chokaa na kuachia chumvi kidogo badala yake. Zikishiba chokaa, zinaoshwa kwa maji ya chumvi, zinaanza upya. Ndiyo maana mashine hii inakula chumvi, na asiyeilisha asiilaumu.

Njiani kurudi Mzee Elisante alisema maneno mengi kuliko siku nzima. "Mteja akija, usimwonyeshe mashine. Muulize maji yanamkera nini. Akishakujibu, usimwamini. Pima."

Alinifundisha kipimo cha kwanza kwa chupa ya maji na vipande vya sabuni. Unaweka maji nusu chupa, unakwangulia sabuni, unafunga, unatikisa. Povu likisimama, maji ni laini. Likikataa na maji yakawa kama uji mwepesi, hapo kuna chokaa. Baadaye tulipata vipimo vya kisasa zaidi, lakini chupa ile sikuiacha, kwa sababu mteja anaielewa bila kuelezwa. Amekuwa akifua maisha yake yote.

Miaka ya mwanzo nilijifunza pia kwamba watu wanapenda kununua mashine ya jirani. Walimu wawili wastaafu, mume na mke, walikuwa wanajenga nyumba ya kulaza wageni juu mlimani upande wa Vudee. Wakashuka hadi karakana wakitaka mashine ya kulainisha maji kama ya shemeji yao aliyeko mjini Same. Nikapanda nao na chupa yangu. Nilipoitikisa, povu lilijaa mpaka kwenye kifuniko. Maji yao yalikuwa laini kuliko ya kanisani kwetu Mbaga. Shida yao ilikuwa nyingine kabisa: mvua ikinyesha, bomba linatoa maji ya rangi ya chai, na juu ya chemchemi kuna zizi la mbuzi.

"Lakini Same wote wanaweka," Mwalimu alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeahidiwa kitu akanyimwa.

"Same wana jiwe, Mwalimu. Nyie mna tope."

"Na mbuzi," mke wake akaongeza.

Tukawajengea tenki la kutuliza tope na kichujio cha mchanga, na nikawasihi waendelee kuchemsha maji ya kunywa kama walivyolelewa. Mwenye karakana alininunia kidogo, kwamba nimepanda mlima kuuza mashine nikarudi nimeuza mchanga. Lakini wale walimu walituletea wateja kwa miaka, karibu kila mtu waliyesali naye.

Basi nikajiona nimeiva. Mzee Elisante alikuwa amestaafu na kurudi Suji kwenye migomba yake, mimi ndiye fundi wa vichujio, na nikaamini nimeshakutana na kila aina ya maji yaliyopo kati ya Kifaru na Hedaru. Hapo ndipo aliponipigia simu Lemayan.

Lemayan ni mfugaji. Boma lao liko tambarare, mbali na barabara, mahali ambapo ukisimama unaiona milima ya Upare imejaa mawingu huku miguuni kwako hakuna hata umande. Alikuwa amefanya biashara ya ng'ombe ikamwendea vizuri, akachimba kisima kirefu, akajenga nyumba ya matofali yenye bafu ndani na heta ya sola juu ya bati. Maji ya kisima yalikuwa mengi lakini magumu na machungu, kwa hiyo yakawa ya ng'ombe na ya kufulia. Ya kunywa yaliletwa kwa punda kutoka bombani chini ya mlima. Kisha akapita muuzaji mmoja na gari lenye mashine, akamuuzia ya kulainisha maji, akamwambia inatoa kila kitu kibaya. Akaifunga, akaondoka, na namba yake ya simu haikupatikana tena.

"Mama, mashine imekufa," Lemayan aliniambia kwenye simu. "Sabuni imeanza kugoma tena."

Nilifika kabla jua halijawa kali. Mama yake, Naserian, alikuwa amekaa kwenye kigoda kivulini mwa nyumba. Ni mkubwa kwangu, akanisalimu kwa Kimaasai, "Takwenya," nami nikaitikia, "Iko," kwa lafudhi yangu ya Kipare iliyomfanya atabasamu. Mke wa Lemayan, Nanyori, akatoka ndani akiwa na mtoto mgongoni, akaniamkia, "Shikamoo mama." Mtoto alikuwa binti mdogo, Nashipai, wa kwanza wao, bado ananyonya lakini ameshaanza kudai kikombe chake.

Mashine haikuwa imekufa. Nilipofunua pipa la chumvi nikalikuta tupu, kavu, limejaa utando wa buibui.

"Chumvi uliweka lini?" nikamuuliza Lemayan.

"Chumvi gani?"

Muuzaji hakumwambia. Nikacheka, naye akacheka kwa aibu, tukatuma mtu dukani. Tulipoilisha na kuiosha, sabuni ikatoa povu kama mlimani. Nilikuwa nafunga boksi la vifaa nirudi zangu. Nanyori akaniletea chai, na ilikuwa tamu kweli, haina ule uchungu wa maji ya tambarare. Nikamsifu. Nikasema inaonekana punda wamefika mapema leo.

"Punda?" akasema. "Punda wamepumzika tangu mashine ije. Hii ni ya kisima. Tunakunywa sisi wote, na huyu hapa." Akamgeuza mtoto mbele. Nashipai alikuwa ameshika kikombe cha plastiki kwa mikono miwili.

Nikaiweka chai ile chini. Nilipokuwa naingia bomani kwao nilipita kwa jirani, na watoto waliotoka kunipungia mkono walikuwa na meno ya kahawia, yenye mabaka, mengine yameanza kumeguka. Mnajua nyote maana yake. Ni floraidi, madini ambayo yakiwa kidogo hayadhuru, lakini yakizidi kwenye maji yanaharibu meno ya mtoto yangali ndani ya ufizi, na mtu akiyanywa miaka mingi yanaingia kwenye mifupa. Hayana ladha wala rangi. Na mashine ya kulainisha maji haiyagusi.

Familia hii ilikuwa imeokolewa na uchungu wa maji yao. Kisima kilikuwa kinawafukuza, wakanywa ya mlimani. Sasa mashine imetoa uchungu, na uchungu ndio uliokuwa mlinzi.

Nikaomba ruhusa nipime. Kwenye boksi nilikuwa na dawa nyekundu tuliyokuwa tunaitumia kupima floraidi: unaitia kwenye maji, na kadiri madini yalivyo mengi ndivyo wekundu unavyopauka. Nikapanga vichupa juu ya ukuta wa kibaraza. Kimoja cha maji ya kisima kabla ya mashine. Kimoja cha maji yaliyotoka kwenye mashine. Nikamwomba Nanyori kama kuna hata tone lililobaki la maji ya punda, akapata kidogo kwenye dumu la zamani lililokuwa limeegemezwa stoo. Nikatia dawa.

Kichupa cha maji ya mlimani kilibaki chekundu. Vile viwili vya kisima vilipauka, vyote viwili, sawasawa, hata ukivibadilisha mahali hujui kipi ni kipi.

Nikawaeleza polepole. Lemayan alisikiliza mpaka mwisho, mikono kifuani.

"Mama," akasema, "nakuheshimu. Lakini kila fundi akija anakuta mashine ya mwenzake ni mbovu. Sasa utaniambia ninunue ya kwako."

"Leo siuzi kitu."

"Kesho je?"

Kesho huenda kweli ningemuuzia. Naserian ndiye aliyesema. Alikuwa amenyanyuka, ameinamia vile vichupa, akivitazama kwa karibu bila kuvigusa.

"Kwa hiyo mashine imeyalainisha, haijayasafisha."

"Ndiyo, mama. Imefanya kazi yake vizuri. Hii nyingine haikuwa kazi yake."

Naona neno hilo lilimsaidia Lemayan kidogo. Alikuwa ameipenda ile mashine. Alikuwa ameiweka mahali ambapo kila mgeni anaiona. Akasema, "Basi turudi kwa punda. Si shida. Tulikuwa tunaishi hivyo."

Nanyori alikuwa amesimama mlangoni. Sasa akasema, taratibu kabisa, akimtazama mumewe, "Tulikuwa tunaishi hivyo nani?"

Lemayan akageuka kumtazama.

"Mnapoamua," akaendelea, "kumbukeni anayekwenda na punda ni nani. Natoka hapa giza, narudi jua liko utosini, mtoto mgongoni. Mashine hii kwako ni ya bafu. Kwangu ni asubuhi yangu."

Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijasikia mteja akieleza tatizo lake vizuri zaidi. Nilikuwa nimekuja kama fundi wa maji, nikapima maji, nikatoa hukumu, na hukumu yangu ilikuwa inamrudisha Nanyori njiani na madumu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza yeye maji yanamkera nini, na mimi nikiwemo. Nikamwambia Lemayan aniachie muda nitafute njia, na mpaka hapo mtoto apewe maji ya dukani au ya mlimani, yaletwe kwa pikipiki ikibidi. Lemayan akakubali kwa kichwa. Pikipiki ilikuwa yake.

Wazo langu la kwanza lilikuwa mashine ya utando, zile zenye pampu inayosukuma maji kwenye ngozi nyembamba. Zinatoa floraidi, zinatoa chumvi, zinatoa karibu kila kitu. Nilirudi bomani na kipeperushi, nikawaeleza. Naserian akauliza swali moja.

"Hayo mabaya yanayotolewa yanakwenda wapi?"

"Yanatoka na maji mengine, yanamwagwa. Sehemu ya maji inakuwa ya kunywa, sehemu inamwagwa."

"Inamwagwa." Akalirudia neno lile kama mtu anayeonja kitu asichokijua. "Ng'ombe wanaweza kuyanywa?"

"Hapana. Yana madini zaidi kuliko mwanzo."

Akatazama nje, kwenye ardhi ile iliyopasuka, kisha akanitazama mimi. Na hata kama angekubali, umeme wao ulikuwa wa sola ndogo, pampu ile ingewazimia kila jioni. Nikakunja kipeperushi. Kwa mteja wa mjini mwenye umeme wa uhakika mashine ile ni nzuri, na nimeshafunga nyingi. Pale haikuwa mahali pake.

Nikapanda Suji kumwona Mzee Elisante. Nilimkuta anapalilia, amekonda lakini mkono wake bado mzito. Nikamsimulia yote. Akasikiliza huku anang'oa magugu, kisha akauliza, "Nyumba ina bati?"

"Ina bati jipya."

"Gata?"

"Hakuna."

"Na mifupa? Wafugaji wale hawakosi mifupa."

Hapo nikajiona mjinga kwa furaha. Bati jipya, pana, mvua ya vuli na masika inapita juu yake na kumwagika chini kwa kukosa gata la kuikinga, wakati wao wanakunywa ya kisima. Na mkaa wa mifupa niliwahi kuusoma kozini nikausahau: mifupa ya ng'ombe ikichomwa kwa joto linalotakiwa, bila hewa nyingi, inakuwa mkaa unaonasa floraidi. Maji yanapita polepole, mkaa unashika madini. Haumwagi tone.

Lemayan alipenda wazo la mifupa kuliko nilivyotegemea. Alisema ni mara ya kwanza fundi kumletea kitu ambacho tayari anacho. Ila haraka yetu ikatuponza. Tulimpa jamaa mmoja mchoma mkaa wa kawaida atuchomee mifupa, naye akaichoma anavyojua yeye. Nikajaza kichujio, tukapitisha maji, nikamkabidhi Nanyori kikombe cha kwanza mbele ya kila mtu. Akanywa, akageuka, akatema kando ya ukuta.

"Nywele zilizoungua," akasema.

Nikaonja. Alikuwa mpole kusema hivyo, maji yalikuwa mabaya kuliko nywele. Naserian alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya shuka, na Lemayan akaniangalia kwa macho ya kusema kwamba afadhali yule muuzaji mwenye gari. Nilirudi mjini siku hiyo nimenyong'onyea. Mkaa usipoiva vizuri unaacha mafuta na harufu, na mtu akishatema mara moja, kumrudisha ni kazi.

Nikatafuta mkaa uliochomwa na watu wanaojua, mkoa wa jirani, kwenye tanuri maalumu. Safari hii niliuosha kwanza karakana, nikauosha tena, mpaka maji yaliyopita yakatoka meupe bila harufu, na nikanywa mwenyewe siku kadhaa kabla ya kumpelekea mtu yeyote. Tulifunga gata kuzunguka bati lote na tenki la mvua lenye mdomo wa kumwaga maji ya kwanza, yale yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege. Mashine ya kulainisha haikuondolewa. Niliipangia kazi yake: bafu, kufulia na heta ya sola, ambayo bila hiyo ingeziba kama bomba lile la Hedaru. Ng'ombe wakabaki na maji ya kisima kama zamani, na maji ya kuoshea punje nikayaelekeza shimoni, mbali na bustani, maana chumvi ile inaua mchicha. Jikoni nikaweka koki moja tu ya kunywa. Mvua ikiwepo inatoa maji ya tenki, ikiisha inatoa ya kisima yaliyopita kwenye mkaa wa mifupa.

Lemayan akapaka koki hiyo rangi ya bluu ili mgeni asikosee. Sikumwambia. Aliamua mwenyewe.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko mabomba. Mkaa unachoka. Siku ukichoka hautatangaza. Maji yatakuwa na ladha ile ile nzuri na floraidi itakuwa inapita. Lazima mtu apime, na mimi siwezi kuishi tambarare. Nikamfundisha Nanyori dawa nyekundu. Nilidhani atahitaji kuelezwa mara nyingi. Aliuliza maswali yake, akapima mara ya kwanza nikiwa nimesimama, mara ya pili nikiwa nimekaa nakunywa chai, na mara ya tatu akaniambia niende, barabara itakuwa na vumbi baadaye.

Alipima kwa ratiba yake mwenyewe. Mkaa ulipoanza kuchoka, alinipigia yeye, wala si Lemayan. "Mama, wekundu unapungua," alisema, na nikapeleka mkaa mpya. Baada ya muda akaanza kupima maji ya yule jirani mwenye watoto wa meno ya kahawia. Kisha ya kisima cha shule. Wanawake wakawa wanakuja kwake na chupa, na asubuhi zake, zile alizoniambia habari zake, akawa anazitumia kwa hilo. Niliposikia kwamba shule imefunga gata, nilijua wazo limetoka kwake.

Nyie mnaobaki karakana mtaulizwa kila siku: mashine ipi ni bora? Nami nimeulizwa hivyo mpaka nikazeeka. Mjini Same, heta ikiziba na sabuni ikigoma, weka ya kulainisha, na umwambie mwenye nyumba habari ya chumvi kabla hujakunja spana. Kama ndani kuna mgonjwa wa shinikizo la damu, mwachie koki ya kunywa isiyopitia kwenye mashine. Mlimani angalieni tope na mifugo. Tambarare pimeni floraidi hata kama mteja amewaita kwa jambo jingine, hata kama amesema hana shida, hata kama chai yake ni tamu. Na mkishapima maji, ulizeni nani anayachota. Hilo sikulijua mpaka nilipoambiwa kutoka mlangoni.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilikwenda kuaga wateja wachache. Bomani kwa Lemayan nilifika asubuhi. Naserian amezeeka, haoni vizuri, lakini alinitambua kwa lafudhi. Nanyori alikuwa kibarazani na mama mmoja mgeni aliyeleta maji kupimwa. Nashipai sasa anasoma. Alikuwa nyumbani, shule imefungwa, amevaa gauni la shule hata hivyo. Meno ya utoto yalikuwa yameng'oka mbele na nilijua mapya yameota, nami nilikuwa nimekwenda, nikiri tu, kuyaona.

Aliniamkia mdomo ukiwa umefumba nusu. Mama yake akasema kila mgeni anayekuja kupima maji anamwambia fungua mdomo, fungua mdomo, sasa amechoka, anawafichia. Nikasema hana haja ya kunifungulia. Nikakaa, nikaletewa chai.

Tukawa tunazungumza habari za mvua. Mbuzi mmoja dume akaja taratibu nyuma ya yule mama mgeni, akaingiza kichwa ndani ya ndoo yake tupu, na alipotaka kukitoa mshikio ukamkaa shingoni. Akanyanyuka na ndoo, akazunguka uwanja mzima anagonga kila kitu, mama mgeni anamfukuza, Nanyori ameshika vichupa visidondoke.

Nashipai akacheka. Alicheka kwa mdomo wote, kichwa kimerudi nyuma, amesahau kabisa kwamba nipo. Meno yake yalikuwa meupe, makubwa kwa uso wake, yamejipanga na pengo moja pembeni.

Nikayatazama mpaka alipomaliza kucheka. Kisha nikamwomba mama yake aniongeze chai.